Mtandao Nao Ujitambulishe

Katika desturi zetu, mtu afikaye mlangoni hubisha hodi, na mwenye nyumba huuliza, “Nani?” kabla hajafungua. Swali hilo fupi ndilo kinga ya kwanza ya nyumba. Anayejibu “Mimi” tu hajajibu kitu, kwa kuwa kila mtu ni “mimi”. Hutakiwa ataje jina, na sauti yake ifanane na jina alilolitaja. Wakati wa usiku hasa, hakuna mwenye busara afunguaye mlango kwa kusikia hodi peke yake.

Simu ya mkononi ni mlango wa namna hiyo. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, mamilioni ya watu wamezoea kutunza na kutumiana fedha kwa simu. Kwa simu hiyohiyo wazazi hulipa karo, wakulima huuliza bei, na wanafunzi husoma. Kila simu inapowashwa, mtandao huiuliza: “Wewe ni nani?” Simu hujibu, na jibu lake hupimwa kwa hesabu. Lakini je, simu nayo huuliza? Je, ina njia ya kujua kwamba huo mtandao unaoihoji ndio mtandao wa kweli?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hili la pili liliachwa kwa miaka mingi. Kwamba wataalamu wamekwisha kulipatia jibu. Na kwamba jibu hilo halitatufaa sawasawa mpaka litumike katika njia zote mbili zipitiwazo na simu ya leo. Njia ya kwanza ni minara ya kampuni za simu. Njia ya pili ni waifai, yaani mtandao mdogo usio na waya unaoenea katika jengo, shule, hoteli au kituo cha basi. Simu moja huhama kati ya njia hizi mara nyingi kwa siku, aghalabu bila mwenyewe kujua.

Swali na jibu

Tuanze na mtandao wa simu wa kizazi cha pili, ujulikanao kwa jina la GSM. Simu ya kwanza ya kibiashara katika mtandao huo ilipigwa nchini Ufini tarehe 1 Julai 1991. Ndani ya kila simu huwekwa kadi ndogo, ambayo wengi wetu huiita laini. Kadi hiyo ni kompyuta ndogo kabisa, nayo imehifadhi vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni namba ya utambulisho yenye tarakimu zisizozidi 15. Tarakimu zake tatu za mwanzo huonyesha nchi: 640 ni Tanzania, 639 ni Kenya, 641 ni Uganda. Namba hiyo si ile tunayopeana ili tupigiane simu. Hutumiwa na mitambo peke yake. Kitu cha pili ni ufunguo wa siri wenye biti 128, yaani mfuatano wa sifuri na moja ufikao 128. Nakala ya ufunguo huo imo katika kompyuta kuu ya kampuni iliyotoa kadi.

Ufunguo huo hausemwi hewani kamwe, kwa kuwa kila kisemwacho hewani chaweza kusikiwa na mwenye kipokezi. Badala yake kampuni hutoa swali, ambalo ni namba ya biti 128 iliyopatikana kwa bahati nasibu. Kadi huchanganya swali hilo na ufunguo wake kwa kanuni ya hesabu, ikatoa jibu la biti 32. Kampuni nayo hufanya hesabu ileile upande wake. Majibu mawili yakilingana, mwenye kadi amethibitika bila siri yake kutamkwa. Kutokana na swali hilohilo na ufunguo uleule hupatikana pia ufunguo wa muda wa biti 64, utumikao kuyaficha mazungumzo yanaposafiri kati ya simu na mnara.

Mwalimu wa hisabati aweza kulionyesha jambo hili ubaoni kwa dakika chache. Tuseme ufunguo wa siri ni 23, na swali ni 41. Kanuni iwe hii: zidisha ufunguo kwa swali, gawanya kwa 97, kisha chukua baki. Sasa 23 × 41 = 943, na 943 ikigawanywa kwa 97 hupatikana 9 na baki 70. Jibu ni 70. Kesho swali likiwa 58, hesabu itakuwa 23 × 58 = 1,334, na baki yake ni 73. Kwa hiyo mwizi aliyelinukuu jibu la jana hawezi kulitumia leo.

Kisha mwalimu awaulize wanafunzi: je, mtu aliyesikia swali 41 na jibu 70 aweza kuupata ufunguo? Aweza, tena upesi. Akijaribu namba zote kuanzia 1 hadi 96, ataona kwamba ni 23 pekee itoayo baki 70. Hapo wanafunzi watatambua mambo mawili. Kwanza, ufunguo hauna budi kuwa mrefu. Pili, kanuni haina budi kuwa ngumu kurudishwa nyuma. Ufunguo wa biti 128 waweza kuwa namba yoyote kati ya namba zipatazo 3.4 × 10³⁸. Mashine yenye kujaribu funguo 10¹² kila sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 10¹⁹ kuzimaliza zote. Urefu huo ndio uliotumainiwa kumlinda mwenye simu.

Swali ambalo halikuulizwa

Msomaji makini bila shaka ameona pengo lililopo. Mtandao umemwuliza mwenye simu, lakini mwenye simu hakuuliza kitu. Simu ya kizazi cha pili husikiliza minara iliyo karibu, huchagua ule wenye mawimbi yenye nguvu, ikaufuata. Mnara ukidai kuwa ni wa kampuni fulani, simu husadiki. Tena mnara ndio uamuao kama mazungumzo yafichwe au yasifichwe. Ukiamuru yasifichwe, simu hutii.

Tusiwalaumu mno waliobuni mfumo huu. Katika miaka ya 1980 mnara wa simu ulikuwa mtambo wa gharama kubwa, wenye kuhitaji mafundi wengi, na ilikuwa vigumu kumfikiria mwizi ambaye angeumiliki. Hofu yao kubwa ilikuwa mtu kupiga simu kwa gharama ya mwenzake, kama ilivyokuwa ikitokea katika simu za mkononi za zamani. Kwa hiyo waliilinda kampuni dhidi ya mteja mwongo. Hawakumpa mteja chombo cha kujilinda dhidi ya mtandao mwongo.

Hali hiyo imegeuka. Mwaka 2010, katika mkutano wa wataalamu wa usalama wa kompyuta mjini Las Vegas, Marekani, mtafiti mmoja alionyesha mnara wa uongo uliotengenezwa kwa vifaa vya dola 1,500 hivi, na simu za watu waliokuwa karibu zikaufuata. Mwaka 2024 polisi wa jiji la London walitangaza kukamatwa kwa watu wawili kuhusiana na antena ya kujitengenezea, iliyodhaniwa kutumika kutuma maelfu ya ujumbe wa udanganyifu uliojifanya umetoka katika mabenki na taasisi nyingine rasmi. Ujumbe wa namna hiyo haupiti kabisa katika mitambo ya kampuni ya simu, hivyo kampuni haiwezi kuuchuja. Hutoka katika mnara wa uongo ukaingia moja kwa moja katika simu, ukiwa na jina lolote lile alilolichagua mdanganyifu.

Kwetu sisi wa Afrika ya Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Simu nyingi za bei nafuu, zile zenye vitufe, bado hutegemea kizazi cha pili. Tena baadhi ya huduma za fedha hutumia menyu za namba fupi, ambazo kinga yake hewani ni ileile ya mtandao wa simu. Mtu mwenye simu duni kabisa, ambaye akiba yake yote imo ndani ya simu hiyo, ndiye aliyepewa mlango usiojua kuuliza “Nani?”

Uthibitisho wa pande mbili

Kizazi cha tatu, kilichoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 2000, kiliziba ufa huo kwa njia ya kupendeza. Kampuni inapotuma swali, huambatanisha nalo muhuri wa hesabu uliotengenezwa kwa ufunguo uleule wa siri uliomo katika kadi. Kabla haijajibu lolote, kadi huukagua muhuri. Asiye na ufunguo hawezi kuutengeneza muhuri huo, hivyo mnara wa uongo hushindwa mtihani hapohapo.

Lakini je, mdanganyifu hawezi kuunakili muhuri wa kweli uliotumwa jana, akautumia leo? Wabunifu walilifikiria hilo pia. Ndani ya muhuri huingizwa namba ya mfululizo yenye biti 48, ambayo huongezeka kila mara. Kadi hukumbuka namba zilizokwisha kutumika, na ikiletewa muhuri uliopitwa na wakati huukataa. Huu ndio uthibitisho wa pande mbili: mtandao humhakiki mteja, na mteja huuhakiki mtandao. Vizazi vya nne na vya tano vimejengwa juu ya msingi huo.

Njia ya pili: waifai

Hebu sasa tugeukie upande wa waifai. Kanuni za kwanza za mitandao hiyo zilichapishwa mwaka 1997, zikiwa na kinga iliyonuiwa kuufanya mtandao usio na waya uwe salama kama ule wenye waya. Kinga hiyo haikudumu. Mwaka 2001 wataalamu watatu, Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir, walionyesha udhaifu katika hesabu zake, ambao uliwezesha ufunguo kupatikana kwa kusikiliza tu mawasiliano kwa muda wa kutosha. Kanuni mpya zenye nguvu zaidi zilikamilika mwaka 2004.

Hata hivyo, hesabu nzuri za kuficha maneno hazimalizi tatizo tunalolijadili. Jina la mtandao wa waifai si utambulisho. Mtu yeyote aweza kununua kisambazaji, akakipa jina la hoteli iliyo jirani au la shule, na simu zilizowahi kutumia jina hilo zikaunganika zenyewe. Katika mitandao ya wazi isiyo na neno la siri, hakuna upande wowote uliothibitishwa. Katika mitandao yenye neno la siri moja kwa watu wote, kila anayelijua neno hilo aweza kujifanya mwenye mtandao. Neno la siri lililobandikwa ukutani mwa mkahawa halimtofautishi mwenye mkahawa na mpita njia.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Mtu mmoja, simu moja, fedha zilezile, barua zilezile. Lakini akiwa barabarani hupitia mnara wenye sheria zake, na akiingia mkahawani hupitia waifai yenye sheria nyingine, au isiyo na sheria kabisa. Mdanganyifu hana haja ya kuvunja mlango ulio imara. Hungoja mwenye nyumba atumie ule ulio dhaifu.

Kadi moja kwa njia mbili

Wahandisi waliliona jambo hili, nao wakauliza swali la busara: ikiwa kadi ya simu ina ufunguo wa siri na hesabu nzuri, kwa nini isitumike pia kufungulia waifai? Mwezi Januari 2006 jumuiya ya wahandisi wa intaneti, iitwayo IETF, ilichapisha taratibu mbili za kufanya hivyo. Ya kwanza ni EAP-SIM, kwa kadi za kizazi cha pili. Ya pili ni EAP-AKA, kwa kadi za kizazi cha tatu.

Utaratibu wenyewe una wahusika watatu. Wa kwanza ni simu pamoja na kadi yake. Wa pili ni kisambazaji cha waifai. Wa tatu ni kompyuta ya kampuni iliyotoa kadi, ambayo huenda iko mbali sana. Kisambazaji hapa ni tarishi tu: hupeleka swali na kuleta jibu, lakini haujui ufunguo wa siri. Hali hiyo ni ya manufaa, kwa sababu kisambazaji kimetundikwa mahali pa wazi, na chaweza kuibwa au kubadilishwa. Mpaka kampuni na kadi zikubaliane, mlango wa waifai hubaki umefungwa. Zikikubaliana, kila simu hupata ufunguo wake wa muda, tofauti na wa jirani yake, na suala la neno la siri la ukutani huisha.

EAP-SIM ina jambo la kuzingatiwa. Kadi ya kizazi cha pili, kama tulivyoona, haikufundishwa kuuhoji mtandao. Basi wabunifu waliifundisha simu kufanya hivyo kwa niaba ya kadi. Simu hutoa namba yake yenyewe ya bahati nasibu, ambayo ndiyo swali la mteja kwa mtandao. Kampuni hutumia maswali mawili au matatu ya kizazi cha pili kwa pamoja, kisha hutengeneza muhuri kutokana na funguo za muda zitokanazo na maswali hayo, ikichanganya na namba iliyotolewa na simu. Simu hukagua muhuri kwanza, ndipo hujibu.

Kuta mbili, ufa mmoja

Hapo mtu aweza kusema kwamba kazi imekwisha. La hasha. Kuunganisha njia mbili kwa kadi moja kuna hatari yake: ufunguo ukivuja upande mmoja, upande wa pili nao umefunguka. Mwezi Desemba 2009, katika mkutano uliofanyika Berlin, Ujerumani, watafiti walieleza jinsi majedwali makubwa yaliyotayarishwa mapema yanavyoweza kufichua ufunguo wa muda wa biti 64 utumikao katika minara ya kizazi cha pili. Mdanganyifu aliyekusanya kwa njia hiyo maswali mawili au matatu pamoja na majibu na funguo zake, anayo malighafi ileile itakiwayo kutengeneza muhuri wa EAP-SIM. Aweza basi kusimamisha waifai ya uongo, na simu ikaisadiki. Hatari hiyo imetajwa na wabunifu wenyewe katika maandishi ya utaratibu wao. Waswahili wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Dawa yake ilitolewa mwaka 2009, katika utaratibu ulioboreshwa wa EAP-AKA. Jina la mtandao unaoingiliwa huchanganywa ndani ya hesabu ya kutengeneza funguo. Kwa hiyo ufunguo uliotengenezwa kwa mtandao mmoja haufai kitu katika mtandao mwingine. Huu ni mfano mzuri wa kanuni ambayo mwanafunzi wa sayansi apaswa kuikumbuka: mifumo miwili inapounganishwa, usalama wa jumla haulingani na ule wa mfumo ulio bora, bali huelekea kule kwenye ule ulio hafifu, isipokuwa pamewekwa ukuta baina yao kwa makusudi.

Pengo jingine lilihusu faragha. Mwaka 2016, katika mkutano mjini London, watafiti Piers O’Hanlon na Ravishankar Borgaonkar walionyesha kwamba simu nyingi, zilipokutana na waifai yenye jina la mtandao wa kampuni ya simu, zilitoa wazi ile namba ya utambulisho ya tarakimu 15. Mwenye kusikiliza angeweza kujua ni nani amepita mahali fulani, na saa ngapi. Angalia, msomaji, kwamba hapa kosa limo katika utaratibu wa mazungumzo: simu ililazimika kutaja jina lake kabla haijajua inazungumza na nani. Kanuni za kizazi cha tano, ambazo toleo lake la kwanza lilikamilika mwaka 2018, ziliweka njia ya kulirekebisha. Simu huifunga namba hiyo ndani ya hesabu ambayo kampuni yake pekee yaweza kuifungua, ndipo huituma. Lakini simu hiyohiyo ikisukumwa na mnara wa uongo irudi kizazi cha pili, faida hiyo yote hupotea.

Hoja za wenye kupinga

Wako watakaosema kwamba tiba ni rahisi: kizazi cha pili kizimwe mara moja. Siafiki. Kuzima kizazi cha pili leo ni kumnyang’anya simu mkulima na bibi kizee aliyeko kijijini, ili kumlinda na mwizi ambaye pengine hajamfikia. Usalama unaomtoa mtu nje ya mtandao haukumlinda, umemfukuza tu. Mpango wa kukiondoa kizazi hicho hauna budi kwenda sambamba na kupatikana kwa simu mpya za bei ambayo mwananchi wa kawaida aimudu.

Wako pia watakaosema kwamba usajili wa laini unatosha. Mwaka 2019 Tanzania ilianza kusajili laini nchi nzima kwa alama za vidole, na nchi jirani nazo zina sheria zao za usajili. Usajili una faida zake katika kumfuatilia mhalifu. Lakini tuutazame kwa jicho la hoja yetu: usajili humtambulisha mteja kwa mtandao, hautambulishi mtandao kwa mteja. Mnara wa uongo haukusajiliwa na mtu, wala haukuacha alama ya kidole. Tumetoa majina, picha na vidole vyetu, na mlango wetu bado haujui kuuliza.

Wengine watasema kwamba wizi mwingi wa fedha za simu hautumii minara ya uongo, bali maneno matamu yanayomfanya mtu ataje mwenyewe namba yake ya siri. Hoja hii ina ukweli, na uthibitisho wa pande mbili hauponyi kila ugonjwa. Lakini maneno matamu hayo hupata nguvu pale yanapofika katika simu yakiwa na jina la benki au la kampuni. Mtu aliyezoeshwa kwamba yeye ndiye wa kuhojiwa siku zote, na kwamba upande wa pili hauhojiwi, ni mwepesi kutii. Tabia ya kiufundi na tabia ya mtu hufundishana.

Yafaayo kutendwa

Yako mambo manne yawezekanayo bila kungoja muujiza. Kwanza, mwenye simu inayoweza kukikataa kizazi cha pili apewe kitufe cha kufanya hivyo, na aelezwe maana yake. Mfumo wa Android uliweka uwezo huo kuanzia toleo la 12, mwaka 2021, kwa simu zenye kuuafiki. Ni watu wachache wanaojua kwamba upo.

Pili, benki, shule na idara zisiuchukue ujumbe mfupi wa simu kuwa ushahidi wa kutosha wa kumtambulisha mtu au taasisi. Jambo kubwa lithibitishwe kwa njia nyingine pia.

Tatu, waifai ya mahali pa umma ijengwe kwa utaratibu unaomwezesha mteja kuuhakiki mtandao, ama kwa kadi ya simu kama tulivyoeleza, ama kwa cheti cha kompyuta. Mfano wa njia hii ya cheti ni huduma ya eduroam, iliyoanzia Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ambayo hutumika katika vyuo vya nchi nyingi, zikiwemo Kenya na Uganda. Mwanafunzi wa chuo kimoja hufungua waifai ya chuo kingine kwa utambulisho wa kwao. Lakini simu yake ikiwekwa isikague cheti cha chuo chake, basi ametoa neno lake la siri kwa yeyote aliyesimamisha kisambazaji chenye jina hilo. Onyo la cheti linapotokea katika kioo cha simu, asibonyeze “endelea” kwa haraka. Onyo hilo ndilo swali “Nani?” likiulizwa kwa niaba yake.

Nne, mashirika yanayosimamia mawasiliano katika nchi zetu yazidai kampuni za simu zieleze kwa lugha nyepesi ni huduma zao zipi zilizo na uthibitisho wa pande mbili, na zipi ambazo bado hazina. Mteja anayelipa ana haki ya kujua.

Nafasi ya shule

Walimu wa sekondari wana sehemu kubwa katika jambo hili. Hesabu ya baki, namba tasa, vipeo na uwezekano ni mada ambazo wanafunzi huziona kama adhabu, kwa sababu hawaambiwi zinatumika wapi. Hapa zinatumika mfukoni mwao. Darasa laweza kugawanywa katika makundi matatu: kundi la kampuni, kundi la mteja, na kundi la mdanganyifu. Makundi mawili ya kwanza yapewe ufunguo wa siri na kanuni. Kundi la tatu lipewe kanuni peke yake. Mchezo wa kwanza uchezwe kwa utaratibu wa upande mmoja, na wa pili kwa utaratibu wa pande mbili. Wanafunzi wataona wenyewe, bila kuhubiriwa, ni katika mchezo upi mdanganyifu hushinda kwa kudai tu kwamba yeye ni kampuni.

Funzo hilo halikomei katika simu. Sayansi yenyewe imejengwa juu ya mazoea ya kumwuliza asemaye: umejuaje, na ushahidi wako ni upi? Kijana aliyezoea kuuliza hivyo maabara atauliza pia anapoombwa namba yake ya siri na sauti asiyoijua.

Vyombo vya kuuhoji mtandao vipo tayari, na hesabu zake zimechapishwa wazi kwa kila mtu kuzisoma. Kinachosalia ni wenye mitandao kuvitumia katika njia zote mbili, na watumiaji kuvidai. Kwa miaka zaidi ya thelathini mwenye simu amejibu kila alipoulizwa. Sasa ni zamu ya mtandao kujibu.